Mwanafunzi Asiyejua Kusimama

"Breki, mama! Breki! Kanyaga!"

Hakukanyaga. Pikipiki ilivuka mstari wa chokaa, ikaligonga tairi bovu lililosimamishwa pale, tairi likabingirika hadi kwenye ukuta wa ghala la mbao. Yule mama, fundi cherehani, akaanguka ubavu, sketi yote vumbi.

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Jamani, hilo tairi lina kosa gani?" akauliza muuza maziwa. "Kila siku linagongwa hilohilo!"

Mwalimu wao alikuja kumwinua. Walimwita Kipanga kwa jinsi alivyokata kona, kajilaza chini kabisa, goti karibu linaramba ardhi. Hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kufeli mtihani wa leseni, na jambo hilo alikuwa ameliandika kwa rangi nyeupe mgongoni mwa koti lake, asije mtu akasahau. Mtihani ulikuwa kesho. Na huyu mama, mtu mzima na mvi zake, kuwasha alijua, kuondoka alijua, kona alijikongoja akapita. Kusimama ndiko kulikomshinda.

"Mama, unataka kuniaibisha?"

"Miguu inaganda, mwalimu. Nikijua tu natakiwa kusimama, basi, inaganda."

Muuguzi aliyekuwa akimpangusa vumbi alikitazama kiatu chake cha kushoto. Kilikuwa kimelika kwa juu, pale vidole vinapoinulia gia.

"Mama, kiatu hiki kimeendesha kukushinda wewe mwenyewe."

"Cha mtumba, mwanangu. Nani ajuaye kilikotoka?"

Walikaa kivulini kunywa maji. Maneno yakaanza, kila mmoja akieleza kilichomtia kwenye pikipiki. Muuguzi alichoka kutembea kwenda kazini. Muuza maziwa baiskeli ilimuua kiuno. Fundi cherehani akasema yeye anataka tu kujua inakuwaje mtu ashindwe kusimama. Wakacheka tena, maana jibu si walikuwa nalo pale pale.

"Na wewe, mwalimu?"

"Mimi?" Kipanga alijiweka sawa, kama mtu aliyekwisha kuisimulia mara nyingi na anajua inapochekesha. "Mimi niliiba pikipiki ya mjomba. Ndevu zinaota, akili bado. Breki sijui iko mkono gani. Nikaingia mtaani na moto, wasichana wananipigia makofi, nikajiona nani! Ghafla kakuku kekundu kakatokeza mlangoni kwa watu. Paa!" Akapiga kofi. "Manyoya huku, manyoya kule."

Kicheko kikapasuka.

"Ikawaje?"

"Wazee wakakaa. Wakasema huyu alikuwa anajifunza tu, hana kosa, asamehewe. Ila mjomba aliniingiza kwenye lori siku hiyohiyo, ndiyo nikaja huku. Sijarudi mpaka leo."

"Unahama mji kwa ajili ya kuku?" akauliza muuguzi.

"Kuku wa wenyewe, dada! Mwenye kuku alipiga ukelele, hujapata kuusikia."

Fundi cherehani alikuwa ameinama, anafunga upya kamba ya kiatu.

"Alikuwa mwekundu?"

"Mwekundu, mama. Kwani unataka mchuzi?"

Hapo hata yeye alitabasamu, au ilionekana hivyo. Aliivuta kamba ikakaza, akasimama.

"Nimewaza kitu, mwalimu. Tairi siliogopi. Nikiligonga haliumii, ndiyo maana mguu hauna haraka. Simama wewe pale. Mtu nitamwonea huruma."

"Mwalimu, andika wosia kwanza!" akadakia muuza maziwa.

Kipanga alicheka. Lakini kesho ilikuwa kesho, na maandishi yale ya mgongoni hayafutiki kirahisi. Akaenda kusimama juu ya chokaa, mgongo kwa ukuta, kiganja wazi.

"Nitazame machoni, mama. Nikikunja ngumi, unakanyaga. Basi. Hakuna uchawi."

Fundi cherehani aliwasha. Akazunguka uwanja taratibu, kama aliyebeba mayai, mpaka upande wa pili, akaigeuza pikipiki, akainyoosha. Wenzake wakaanza kumpigia makofi ya kumtia moyo.

Kipanga aliisikia gia ya pili ikiingia, akatikisa kichwa kuridhika. Kisha ikaingia ya tatu, laini, bila kukwaruza, kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano.

Gia ya tatu hakuwa amemfundisha.

Akakunja ngumi. Akaikunja na ya pili. Akaruka kushoto, na pikipiki nayo ikalala upande huohuo, chini kabisa, goti la fundi cherehani karibu linaramba ardhi.

Muuguzi ndiye aliyefika wa kwanza. Alimshika mwalimu shingoni, akatulia, akamshika tena. Kisha akavua sweta lake akamfunika uso.

Pikipiki ilikuwa imesimama karibu na ukuta, imenyooka, juu ya stendi yake. Fundi cherehani alikuwa amekaa chini kando yake, mikono mapajani. Muuza maziwa alimkimbilia, akachuchumaa.

"Usijiumize, mama yangu. Sote tumeona. Wewe ulikuwa unajifunza tu, huna kosa. Nani atakulaumu?"

"Najua, baba," akasema fundi cherehani. "Ndivyo wazee walivyoniambia na mimi, siku ile ya kuku. Alikuwa na miaka minne, na lile gauni jekundu nilimshonea mwenyewe."