Hatua za Mzee Nalinga

Ghala la kijiji halikumpa mtu mboga wala samaki mpaka bangili yake ya kuhesabu hatua itimize elfu nane kwa siku. Bi Sikudhani alizitimiza zake shambani. Mumewe, Mzee Nalinga, alikuwa amepooza upande mmoja tangu masika, lakini ghala halikujua kupooza, lilijua bangili tu. Mwenye njaa hana miiko: Sikudhani aliifunga bangili ya mumewe mguuni mwa beberu. Aliogopa, kwani waliodanganya walinyimwa chakula, na kwa jirani yake Asumini moshi ulikuwa haujafuka tangu mwezi uliopita.

Asubuhi moja alipofika na bangili zote mbili kuchukua fungu lao, ghala lilisema kwa sauti tamu kama ya mjukuu: "Hongera, Mzee Nalinga! Umewashinda vijana wote. Kesho tunakuja kukuchukua, ukaongoze mbio za wilaya."

Kikapu kilimponyoka. Alirudi nyumbani mbiombio.

"Baba Zuhura, tumekwisha," alinong'ona. "Wanakuja kukuona ukikimbia."

Kitandani, shuka la Mzee lilitikisika. Alikuwa ameshaushusha sakafuni mguu wake mzima, na ule mwingine akiuvuta kwa mkono.