Nyanya za Nguchiro

Msimu wa nyanya ulipofika, gulio la wanyama lilijaa wekundu mtupu, na kila muuzaji aliomba zake ziishe kabla hazijaoza. Za Nguchiro zilikuwa zimeshaanza kuoza. Akatandika gunia, akazika mbovu chini ya fungu, akapanga nzuri juu.

"Karibuni! Zimechumwa leo leo!"

Kanga alikuwa keshafungua kikapu, mara fungu likatikisika. Fuko akatoboa gunia kutoka ardhini, akachomoza uso umelowa.

"Mama Kanga, huku chini kunanuka."

"Wateja wanapita juu, wewe!" Nguchiro akafoka.

"Mimi njia yangu ni hii, kaka."

Siku hiyo Nguchiro hakuuza hata moja.

Gulio lililofuata alikuja amejipanga. Nzuri zote akaziweka chini, mbovu juu, akakaa akimsubiri Fuko atoboe gunia, anuse, atangaze sifa. Akasubiri mpaka jua la utosi, nzi wakimzomea.

Hatimaye Fuko akatokea langoni, ameshikwa mkono na Kanga, wateja wote nyuma yao. Akainama, akanusa fungu.

"Leo nimepita juu, kaka, kama ulivyoniambia."