Mashine Iliyomzoea Joash

Jumatatu Joash alinyang'anywa ufunguo. Kufikia Jumatano mashine ilikuwa haijahesabu hata moja.

Ilisimama orofa ya tatu, Government Road, katika kampuni ya bima ya Bwana Chunilal: kabati la chuma lenye taa nyekundu, kubwa kuliko jiko la nyumba ambayo Joash na mkewe Milcah walipanga kule Kinoo. Kadi ziliingia upande huu, mashine ikakohoa, ikanguruma tarararara, na karatasi ya hesabu ikatoka upande ule. Mwaka huo wa sabini na mbili kompyuta za Nairobi zilihesabika kwa vidole, na waliokuwa wakiziendesha waliamkiwa kama mapadri.

Joash alikuwa injinia wa hii. Hakusomea. Ile miezi ya kwanza mashine ilipofuka moshi, mafundi wa kigeni wakiwa wamekwisha kurudi kwao, alijifungia nayo mwisho wa juma, na Jumatatu ikahesabu kama kawaida. Bwana Chunilal akaagiza neno INJINIA lipakwe mlangoni kwa rangi nyeupe. Tangu hapo Joash alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho, na hakumruhusu mtu kuingia chumba kile. Hata chakula cha mchana alikula mumo humo, mabakuli mawili yaliyojaa. Alikula sana mtu yule, wala hakunenepa.

Mashine ilipumzika mara moja tu, mwaka aliozaliwa binti yake Naliaka. Joash alisema kuna kipuri kinakuja kwa meli.

Kisha wateja wakaanza kuulizauliza. Kampuni ya jirani ilikuwa na mtu wa digrii, jina lake likifuatwa na herufi ndefu kama mkia wa tiara.

"Bwana Joash, una cheti gani?" Bwana Chunilal alimwuliza mbele ya makarani.

"Cha darasa la saba," alisema Joash. "Na cha ubatizo."

Makarani walicheka. Joash hakuona aibu wala hasira. Mwili mzima ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

"Jina la injinia ni la mwenye digrii," alisema Bwana Chunilal, naye hakufurahia kulisema. "Kesho kaa nyumbani. Mwisho wa mwezi uje uchukue haki yako. Jioni ukishafunga uniachie ufunguo, tafadhali."

"Wamempata wa digrii," Joash alimwambia mkewe jioni ile.

Milcah alikuwa amenyoosha miguu kitandani. Mgongo ulikuwa umemsumbua muda mrefu. Zamani naye alikuwa karani wa hesabu kwa Bwana Chunilal, akafutwa kazi wiki ileile mashine ilipoletwa.

"Digrii ya nini?"

"Ya kompyuta."

"Basi acha ahesabu." Akageukia ukutani, akauliza, "Na hii nyumba, Baba Naliaka? Na mtoto?"

"Sijui," alisema Joash. Alijaribu kuhuzunika, akashindwa.

Mwenye digrii aliitwa Macharia. Alikuja na koti jeupe alilonunua Uingereza. Alitia kadi, zikamezwa. Taa ikawaka. Kimya. Alifungua vitabu vyake, akavifunga. Alipodhani haonekani, aliipiga mashine kofi.

"Inamjua Joash," walinong'ona makarani. "Mashine ni kama ng'ombe, haikubali kukamuliwa na mgeni."

Alhamisi wateja walijaa hadi ngazini, kila mmoja akidai hesabu zake, na wengine wakitaja ile kampuni ya jirani. Bwana Chunilal akamtuma tarishi Kinoo.

Joash alipofika, Macharia alimvuta chumbani, akafunga mlango.

"Jana nilifungua mlango wa nyuma wa mashine," alisema kwa sauti ya chini.

Joash alitazama sakafu. Aliingoja hofu, haikuja.

"Umemwambia mzee?"

"Bado."

"Mwambie. Mimi nitarudi Kinoo, na hili kabati litauzwa vyuma kuukuu. Halafu wewe utakuwa injinia wa nini?"

Macharia aliketi juu ya sanduku la kadi. Alikung'uta vumbi lisilokuwepo kwenye koti lake.

"Mama yangu amekwisha kulitangazia kanisa zima," alisema. "Injinia."

"Hata wangu."

Wakakaa hivyo kidogo, kama watu wawili msibani ambao hawakumjua marehemu. Kisha Macharia akainuka, akaenda kwa Bwana Chunilal.

"Mashine ni nzima, mzee. Ila ni ya mtindo wa zamani. Digrii pekee haiiwezi, inataka na mtu iliyemzoea."

Bwana Chunilal hakuelewa, lakini aliamini kuwa mwenye digrii hakosei. Akamwita mpaka rangi. INJINIA likabaki palepale, likaongezewa jina la Macharia na herufi zake. Chini yake, kwa maandishi madogo: MSAIDIZI, JOASH. Mshahara uleule. Joash alilisoma jina lake jipya kama tangazo la duka lililofungwa.

Ijumaa alifika wa kwanza, kama zamani, kabla bawabu hajamaliza chai yake. Ofisi ilipofunguliwa wateja walikuwa tayari ngazini. Macharia aliingia, akafunga mlango kwa komeo, akanyoosha koti lake jeupe, akabisha taratibu kwenye chuma.

"Shemeji," alisema, "tuko tayari."

"Leteni kadi," Milcah alijibu kutoka ndani. "Na mto wangu wa kukalia, nani aliyeuhamisha?"