Dole Gumba la Baba

Mama alisimama mlango wa karakana, ameushika ubao mdogo kiganjani kama mtu aliyeokota kifaranga aliyekufa.

"Alama iko wapi?" aliniuliza.

Sikumwelewa. Ubao ulikuwa unang'aa. Ni ubao wa kuteleza mawimbini, mfupi kuliko kidole changu cha shahada, wa kufungwa juu ya paa la gari la mfano. Baba alizichonga mbao hizi kwa vijiti vya aiskrimu, nami nikimsaidia, hadi alipofariki. Huu ndio wa mwisho aliouacha. Niliukuta vanishi imeharibika katikati, nikaisugua kwa msasa laini na kuipaka upya.

"Alama gani, mama?"

"Ya dole gumba lake. Aliushika kabla vanishi haijakauka. Kila asubuhi naweka langu palepale."

Niliutazama ubao, nikamtazama yeye, nikaurudia ubao. Vile vimistari vyembamba nilivyoviona ni uchafu, vilikuwa ngozi ya baba.

Lakini si baba huyuhuyu aliyekuwa akinifokea? "Kazi yenye alama ya kidole haitoki humu ndani. Sugua, anza upya." Nimemtii, na nimemfuta. Sikujua nilie au nijitetee.

"Mwanangu, sema basi pole," mama alisema. "Neno moja tu, nitakwenda zangu."

Nilimkwepa macho, nikapangusa vumbi mezani.

"Sisemi, mama. Baba angekuwepo, angeisugua mwenyewe."