Mcheza Mbele ya Spika

"Una muda mpaka jioni," wakala wa muziki alimwambia Kobe, akijipangusa vumbi la ngazi begani. "Nikitoka hapa bila jibu lako, nampa mwingine."

Kobe alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, anafuta santuri kwa pindo la fulana yake. Juu yao palikuwa na duka la vigae. Wao walikuwa chini, katika ghala lisilo na dirisha ambalo wenyewe waliliita Shimoni. Kila Jumapili mchana, watu waliopashana habari kwa kunong'onezana walishuka humo kucheza haus na tekno, muziki ambao redio zote za mjini ziliukataa. Jina la Kobe alipewa kwa sababu hakuwa na haraka: aliuingiza wimbo ndani ya mwenzake taratibu, hata usijue wa kwanza umeishia wapi.

Sasa wakala alitaka kumpeleka ng'ambo, kwenye kumbi za maelfu ya watu.

"Sina haja ya kungoja jioni," Kobe akasema. "Siendi."

Aliyemfunga miguu ni mwanamke ambaye hakumjua hata jina. Mtu mzima, mnene kiasi, viatu vya kazini miguuni. Si mtu ambaye ungemdhania wa tekno. Alitokea siku zile ambazo Shimoni lilikuwa tupu na Kobe alikuwa ameshatangaza kuuza vyombo vyake. Alishuka ngazi, akaenda moja kwa moja mbele ya spika kubwa, akafumba macho, akacheza hadi mwisho. Jumapili iliyofuata akarudi. Waliokuwa wakiona haya ya kuanza kucheza walimwona yeye, wakajitosa. Ghala likajaa.

Hakuwahi kusogea mezani wala kuomba wimbo. Siku moja umeme ulikatika, watu wakasimama wakiguna. Walipowasha simu zao walimkuta yeye bado anacheza, mpaka mmoja alipomgusa bega. Kobe alikisimulia kisa hicho kama muujiza.

"Muziki ulikuwa umeshamwingia mifupani," alisema.

Tangu hapo, kila wimbo aliupiga kwa ajili ya mtu huyo mmoja.

Alipofika nyumbani, dada yake alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya dobi, chumba cha kufulia mashuka ya hospitali. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na aliuza kitanda chake ili Kobe apate spika za kwanza.

"Nasikia umekataa."

"Mji huu hauna siri."

"Mdogo wangu, bahati haibishi hodi mara mbili."

"Dada, huko nitakuwa nampigia mbuzi gitaa. Watu wananyanyua simu tu, wanajipiga picha. Hapa nina mtu anayenisikia. Mmoja, lakini ananisikia."

"Mtu gani huyo?"

Kobe akamweleza habari za yule mwanamke. Dada alisikiliza, mkono umegandia kwenye kitasa.

"Mpigie wakala," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nakuomba."

"Wewe hata kushuka zile ngazi hujawahi. Utaelewa nini?"

Dada aliingia ndani kuvua sare.

Jumapili iliyofuata, mbele ya spika palikuwa patupu. Kobe alipiga macho yakiwa mlangoni, akachanganya nyimbo ovyo kama mwanafunzi. Wiki nyingine vilevile. Aliwauliza wachezaji, hakuna aliyejua mama yule anakaa wapi. Mwishowe aliamini amekufa, akamlilia kimoyomoyo, msiba usio na jina wala kaburi.

Watu wakapungua, mwenye duka akalitaka ghala lake aweke vigae. Wakala naye hakupokea simu tena. Alikuwa amemchukua kijana aliyekuwa akipiga muziki kabla ya zamu ya Kobe, na sura ya kijana huyo ikaanza kuonekana kwenye mabango kila kona. Kobe akaishia mbele ya duka la viatu, anatangaza punguzo la bei kwa kipaza sauti na kupiga nyimbo alizochaguliwa na mwenye duka.

Dada hakumlaumu hata siku moja. Kobe aliuchukia ukimya huo kuliko matusi. Wakaishi miaka mingi nyumba moja kama wapangaji, salamu asubuhi, salamu jioni, hadi dada alipougua moyo na kufariki.

Walipotoka kuzika, wafanyakazi wenzake wa dobi waliketi uani kwenye viti vya kuazima. Kobe alikuwa akipita kuwashukuru mmoja mmoja alipomwona yule mwanamke. Amezeeka, lakini ni yeye.

"Nilidhani umekufa," Kobe alisema.

"Pole sana, mdogo wangu. Mimi na dada yako tulikunja mashuka meza moja miaka yote."

Kobe hata hilo halikumwingia.

"Nilikataa kuondoka kwa sababu yako. Kuna kitu nimetaka kukuuliza siku zote. Katika zile nyimbo zangu, ni upi uliokuwa ukiupenda?"

Mwanamke aliwatazama wenzake, kisha akamvuta kando, karibu na ukuta.

"Kwani hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Aliniomba nikacheze pale mbele kidogo tu, ili usikate tamaa, mpaka wakala akuone. Mimi kelele siziwezi, mdogo wangu. Kila Jumapili dada yako alinisindikiza mpaka juu ya ngazi, akanitia pamba masikioni kwa mkono wake mwenyewe."