Vidole Kumi vya Mwalimu Coleta

Vidole vilikuwa vimefika sita, na bado kimya. Darasa la pili zima lilikuwa limenyanyua mikono, linahesabu kimoyomoyo, hakuna anayecheka. Mkaguzi kutoka Sumbawanga alibaki ameshika kalamu, haelewi kinachoendelea.

Hiyo ilikuwa sheria ya Mwalimu Coleta. Mtu akikwama hachekwi wala hasemewi, anasubiriwa vidole kumi. Vikiisha, anaonyeshwa picha ya kumsaidia kuanza. Picha alizichora mwenyewe kwenye maboksi ya sabuni, kila alichokiona pale shuleni: kuku, jembe, mahindi, redio, hata lori, maana tangu biashara ya mahindi ifunguliwe malori ya wanunuzi yalikuwa hayakauki.

Alianza kwa ajili ya Herieth. Mtoto wa miaka tisa, akili anazo tele, ila maneno yanamkwama njiani, iwe Kifipa nyumbani au Kiswahili shuleni. Kwa vidole na picha alishafikisha maneno mawili kwa mpigo, na Coleta aliringa nayo utadhani amejifungua mapacha.

Mwalimu mkuu, Kasimiri, hakutaka kusikia habari za picha.

"Mtu anayeshindwa kumjibu mgeni swali moja, anatafuta nini shuleni?" alisema asubuhi ile, huku akipunguza sauti ya redio yake mpya. Mkaguzi akiuliza na Herieth akakwama, basi, kesho abaki kwao alime ulezi.

Herieth alikuwa mlangoni na alisikia yote. Maskini, alilia mpaka kengele ikagongwa.

Na sasa swali lilikuwa limeulizwa, tena jepesi: mahindi ya shamba la shule, waliyoyavuna watoto wenyewe, yako wapi?

Saba. Nane. Mdomo ukafunguka, ukafungika. Jasho lilikuwa linatiririka. Coleta alitamani kusaidia, lakini sheria ni sheria.

Tisa. Kumi.

Herieth akainuka, akachagua picha tatu, akaenda nazo mbele, kwa aliyeulizwa. Hakutaka mtu yeyote afukuzwe shule kwa sababu ya kukwama. Taratibu, kwa huruma, akamwonyesha Mwalimu Kasimiri picha ya mahindi, halafu ya lori, halafu ya redio.

"Usiogope, Mwalimu," akamwambia. "Tunasubiri."