Picha ya Kutundikwa Jikoni

Katika mji ule, mnada wa picha ulikuwa na sharti moja. Kabla dalali hajafunga bei, kila mnunuzi alitaja mahali ambapo angeitundika picha, kisha mchoraji mwenyewe akachagua wa kumpa.

Picha ya mwisho ilionyesha shamba la mipapai baada ya mvua. Bwana Shekue, mfanyabiashara, alitaja bei mara tatu ya ile ya Bi Mwanahamisi, muuza maandazi.

"Itakaa stoo," alisema, "mpaka thamani ipande."

"Nawe, Bi Mwanahamisi?" dalali aliuliza.

"Jikoni. Kila alfajiri nasimama pale nikitazama masizi."

Watu wakacheka. "Moshi utaila picha hiyo, mama!"

"Mimi umenila miaka thelathini, na bado mnanijia kila asubuhi."

Mchoraji alitabasamu. "Mpeni yeye."

Majirani wawili walimbebea hadi nyumbani. Mlango wa jiko ulikuwa mwembamba. Waliigeuza picha, wakaiinamisha, haikupita.

"Itundike sebuleni basi, Bi Mwanahamisi."

Aliifunika kwa kanga yake, akaazima mtaimbo, akaanza kung'oa miimo ya mlango.